Dawa ya Kumtuliza Kwini

Turffontein, Johannesburg
Jumamosi alasiri, Machi 2019

Mwanangu Saumu,

Nyumba imetulia. Baba yako amekupeleka Fordsburg kununua viatu vya mpira, na ninavyomjua baba yako, atamtoa jasho mwenye duka kwa kukujaribisha kila jozi, kisha arudi kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Umeme umekatwa, redio haisemi, jirani kalala. Sina kisingizio cha kuacha kuandika.

Mambo ya blanketi, chaja na kutokula cha mtu usiyemjua ndani ya basi sitayarudia. Nimeyasema mpaka jana ukaniambia, "Eish, Mama, nimesikia, sharp," ukajifungia chumbani. Sikukasirika. Mtu anayeondoka lazima achoke kidogo na watu wake, la sivyo hataondoka.

Najua kusoma Kiswahili kunakupa kazi. Ukisemeshwa unaelewa kila kitu, hata umbea, ila ukijibu unajibu kwa Kiingereza au Kizulu chako cha shuleni. Soma taratibu. Ningeweza kumwomba baba yako anitafsirie, lakini haya ni yangu, na nimeamua kuyasema kwa lugha ambayo siwezi kujificha ndani yake.

Umekua ukisikia nyumbani humu habari ya mkono wa Kasongo. Ukiacha mlango wa jiko wazi, nasema, "Unautaka mkono wa Kasongo?" Ukitaka kuvuka barabara robot, taa ya magari, ikiwa bado nyekundu, nasema hayo hayo. Baba yako akisahau pasi juu ya kitambaa cha watu, mkono wa Kasongo. Umekuwa msemo wa nyumba, maana yake uzembe. Kesho unapanda basi, na Jumatatu unaanza kazi ya kutunza aligeta chini ya mwenye mkono huo. Nataka ujue kabla basi halijatoka Park Station kwamba Papa Kasongo hakuwa mzembe. Mkono ule ni kazi yangu mimi.

Nianze mwanzo.

Nilipokuja mji huu kutoka Tanga nilimfuata baba yako, ambaye alikuwa akikata vitambaa kwenye duka la Wahindi. Tulipanga chumba kwenye ua, hapa hapa Turffontein, na chumba cha pili alikaa Papa Kasongo, mtu wa Kalemie, Mkongomani mrefu, mpole, mwenye kuimba nyimbo za kanisani akifua nguo. Alikuwa akifanya kazi kwenye bustani moja ya mamba na nyoka nje ya jiji, mahali ambapo watu hulipa kuingia na kupiga picha. Alianza kama mlinzi wa getini, akapandishwa kuwa mtunzaji wa wanyama. Wewe ulipofika miaka mitatu, nikawa natafuta kazi kila mahali na kukosa, yeye ndiye aliyekwenda kwa meneja akasema, "Nina dada yangu mumoja, mutu wa kazi kabisa, hachoki." Dada yake wapi? Mimi Mdigo, Mwislamu, yeye mlokole wa Kalemie. Lakini alinisimamia kama ndugu, na kwa neno lake nikaandikwa.

Waliniweka jiko la wanyama. Kazi yangu kukata kuku na kupima nyama, ndoo baada ya ndoo. Nilijifunza kwa kuchungulia. Huko kulikuwa na mamba wetu hawa wa mito ya Afrika, nao walikuwa na bwawa lao, na kulikuwa na aligeta wanne, mamba wa Marekani wenye pua pana kama koleo la kuchotea mchanga. Mkubwa wao jike, wakimwita Kwini, naye alikuwa na bwawa lake peke yake.

Wewe umesomea wanyama na una cheti ukutani, mimi nina miaka yangu tu, basi tusibishane nani anajua zaidi. Nakuambia nilichokiona kwa macho. Aligeta si mpumbavu. Watu humwona kalala saa sita nzima wakadhani ni gogo, kumbe anasoma ratiba. Anajua ndoo ipi ya chakula na ipi ya kusafishia. Anajua hatua za miguu yako. Ukimfanyia jambo mara tatu kwa namna ile ile, mara ya nne anakungoja hapo hapo. Ndiyo maana anafundishika, na ndiyo maana anaua.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya uvivu. Kulisha aligeta kulikuwa na utaratibu: uzunguke nyuma ya uzio, upande ngazi, umrushie nyama kwenye jukwaa la saruji lililo mbali na geti. Mimi nilikuwa nabeba ndoo mbili, mgongo unaniuma, nikaona huko ni mbali. Nikawa nasimama nje ya geti, namrushia Kwini shingo za kuku palepale kupitia upenyo, naenda zangu. Wiki chache tu. Siku moja mtunzaji anafungua geti kuingia kufagia, Kwini huyo, yuko ndani ya maji hatua moja tu kutoka kwake, pua tu inaonekana. Mtunzaji alirudi nyuma akaanguka. Tangu siku hiyo ikawa geti likilia, Kwini anakuja. Wakajiuliza mnyama kaingiwa na nini. Mimi nilijua kaingiwa na shingo zangu za kuku, nikanyamaza.

Hilo nililisahihisha mwenyewe, na hapa naomba unisifu kidogo kwa sababu nilifanya kazi nzuri. Niliona kuwa kila nikibeba ndoo yenye mfuniko mwekundu, macho ya Kwini yanaufuata mfuniko. Nikachukua mfuniko wa zamani nikaupigilia misumari kwenye mpini wa ufagio. Asubuhi kabla wenzangu hawajafika, nikasimama nje ya uzio, nikaugonga mfuniko kwenye maji mara mbili. Akiugusa kwa pua, nampa kipande kwa koleo refu. Akiufuata hatua mbili, kipande. Mwezi wa pili nilikuwa naweza kumtoa getini, nikamvusha bwawa zima, nikampandisha jukwaani akatulia pale, na mtu akaingia akafagia, akazibua mfereji, akatoka, Kwini macho kwangu tu. Hakuna aliyenifundisha. Leo nyinyi mna jina la Kiingereza la fimbo hiyo na vitabu vinavyoieleza. Mimi nilikuwa na mfuniko wa ndoo.

Kama ningewaonyesha wenzangu asubuhi ile ile, barua hii isingekuwepo.

Lakini sikuwaonyesha. Waliokuja mapema wakaniona nimesimama uzioni, Kwini anakwenda ninakotaka, wakapigwa butwaa. Fimbo nilikuwa naishusha upande wa pili wa ukuta, hawakuiona vizuri. Na mimi nilikuwa na tabia ya kusoma dua kidogo midomoni, kwa sababu nilikuwa naogopa, nakuambia kweli. Dada mmoja wa kukata tiketi akauliza, huyu mama anatoka wapi? Akaambiwa Tanga. Basi ikawa ndiyo hiyo. Unajua sifa ya Tanga ilivyo kwa Watanzania; kumbe hata Wakongomani, Wamalawi na Wazulu walishaisikia. Mama Saumu ana dawa.

Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili sikuikanusha. Siku ya tatu nikaiongezea chumvi: nikawa nazunguka uzio mara tatu kabla ya kazi, nanong'ona, hata dua ikawa si dua tena bali majina ya shangazi zangu wa Pangani. Fimbo nikaifunga kwenye kanga, nikaitia kabatini, nikafunga kufuli. Nikamwambia meneja kwamba mtu asiingie kwa Kwini kama sipo, mnyama huyu ananisikia mimi tu. Akakubali, nikatolewa jikoni, nikapewa sare.

Utauliza kwa nini. Kibali changu cha kukaa nchi hii kilisimama juu ya barua ya mwajiri. Barua ikikosekana, na mimi nakosekana. Nilikuwa nimeona watu wanaamshwa asubuhi wanaambiwa kazi imekwisha, mahali pao kaingia mwingine. Nikasema moyoni, mwenye dawa hafukuzwi. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, nami nikaamua wasierevuke. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli na siionei haya. Naionea haya furaha niliyokuwa nayo, kwa sababu nilifurahi, Saumu. Nilipenda wakininyamazia nikipita.

Papa Kasongo peke yake hakunyamaza. Alinijia saa ya chai, akakaa kwenye ndoo, akasema, "Mama Saumu, unielezee. Ni dawa ao ni akili?"

Nikamjibu, "Ni mambo ya kwetu, Papa Kasongo."

"Bon. Mie sina shida na mambo ya kwenu. Lakini siku moja hautakuwako, na mfereji utaziba. Tutafanya je?"

"Mtaningoja."

"Na kama haiwezi kungojea?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Aliniomba tena mara mbili, kwa upole ule ule. Mara ya mwisho alisema, "Sitaki kukunyang'anya kazi. Nataka tu kujua namna ya kutoka muzima." Nakumbuka nilikuwa namenya chungwa. Nikampa nusu, nikabadilisha mazungumzo.

Nataka ulishike hili kuliko lolote walilokufundisha chuoni. Kazi hii inafanywa na watu wawili. Mmoja anafanya, mmoja anatazama, na anayetazama hana kazi nyingine, hana simu mkononi, hasemi na wageni. Hesabu wanyama wote kabla hujagusa komeo; kama mmoja haonekani, geti halifunguki, hata meneja akikupigia kelele. Usimlishe mnyama mahali utakapopita. Usipite njia ile ile saa ile ile kila siku. Ukitoka jiko la nyama, badilisha nguo. Haya yote utayasikia Jumatatu. Lakini wale wawili hawawi wawili kama mmoja amemficha mwenzake jambo. Hapo kuna mtu mmoja na mwingine anayebahatisha.

Na baridi isikudanganye. Msimu wa baridi aligeta hali chakula, hatembei, unaweza kumfagia pembeni siku nzima ukasema amekuwa rafiki. Hakupendi, anakujua. Hayo mawili watu wengi wanayachanganya, hata kwa binadamu. Mazoea yana taabu, na mimi niliwazoea watu wote wa pale mpaka nikaona maisha yao ni yangu kuyachezea.

Ilikuwa siku ya Idi. Ulikuwa na miaka saba. Nilikuvalisha gauni la njano alilokushonea baba yako, tukaenda kuswali Mayfair, kisha tukaenda kula kwa Bi Zaina, yule wa Muheza aliyekuwa akikaa nyuma ya msikiti. Pilau limepakuliwa, wanawake tumekaa chini kwenye mkeka, mkoba wangu uko kwenye kiti. Wewe ndiye uliyekuja nayo mkononi. "Mama, simu." Nikaangalia, Papa Kasongo. Nilikuwa nimeomba ruhusa siku hiyo na meneja alinipa kwa kununa, akasema wageni watakuwa wengi. Nikajua papo hapo mfereji umeziba.

Nikakuambia, "Iache, hao wa kazini." Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Nikaiweka chini ya mto, nikamwambia Bi Zaina, "Acha leo wajue faida yangu." Tukacheka wote wawili. Yeye hakujua anacheka nini, mimi nilijua.

Kama ningepokea, ningemwambia: kabati langu, ufunguo uko nyuma ya saa ya ukutani, fimbo imo ndani ya kanga, gonga maji mara mbili ukiwa nje, upande wa jukwaa, mpe kuku kwa koleo, ndipo ufungue geti. Ni maneno ya nusu dakika. Nimeyasema kwa sauti mara nyingi nikiwa peke yangu jikoni, kupima, na kila mara ni nusu dakika.

Maji machafu yalikuwa yanafurika kwenye njia ya wageni. Meneja akamwambia Kasongo aingie. Alikuwa na dada wa tiketi tu wa kumtazamia, naye ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema Papa Kasongo alisimama getini akafumba macho akasali. Ndiyo silaha niliyomwachia: mimi nimesema ni dawa, yeye akaijibu dawa kwa sala. Akamtafuta Kwini kwa macho, hakumwona, akadhani yuko upande wa kina kirefu. Geti likalia. Akainama kuinua kifuniko cha mfereji, na Kwini alikuwa mahali ambapo shingo zangu za kuku zilimfundisha kuwa. Alimshika mkono wa kulia akajizungusha mara moja. Vidole vitatu.

Nilikwenda kumwona hospitali jioni, nimeshika chungu cha pilau. Dawa za usingizi zilikuwa hazijamtoka vizuri, akaniambia, "Nisamehe Mama Saumu, nimeharibu siku kuu yako." Nikalia mbele yake. Wote waliokuwepo waliona nina moyo mzuri.

Kisha ukaja uchunguzi. Wakaniita ofisini wakaniuliza, je, palikuwa na utaratibu wa kumhamisha mnyama kabla ya kuingia? Nikasema upo. Kasongo alikuwa anaujua? Nikasema, "Nilimfundisha." Nikatia sahihi. Kwenye karatasi ikaandikwa kwamba mfanyakazi aliingia bila kufuata utaratibu alioelekezwa. Wakamwachisha kazi kwa karatasi hiyo. Wiki ile ile nikatoa fimbo kabatini, nikaanza kuwafundisha wote waliobaki, hatua kwa hatua, kwa kibao cha maandishi, na nikasifiwa mpaka nikapewa kusimamia bwawa zima. Kila kitu ulichokula na kusomea tangu hapo kimepita kwenye sahihi ile. Sikuambii ili ujisikie vibaya kwa chakula ulichokula. Mtoto halipi. Nakuambia kwa sababu ni kweli.

Papa Kasongo alihama ua ule na sikumtafuta. Nikawa na msemo mpya nyumbani. Sasa unaelewa nilivyokuwa nakulea: kila nikiusema mkono wa Kasongo, nilikuwa naupiga msumari mwingine uongo wangu usilegee. Nakuomba radhi kwa kuutia mdomoni mwako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiusema kwa wanasesere wako, nami nasikia kutoka jikoni.

Halafu mwezi uliopita ukarudi kutoka kwenye usaili wa bustani nyingine ya mamba kule pwani ya Natal, umechangamka, unakula ndizi umesimama, ukaniambia, "Mama, hutaamini, ni ule mkono." Ukasema mkuu wa usalama ni mzee wa Kikongo, kaona jina lako akauliza kama wewe ni Saumu wa Mama Saumu, akafurahi, akasema, "Mutoto ya dada yangu." Ukaniambia kila mfanyakazi mpya hupelekwa kwake siku ya kwanza, naye huinua mkono mbele yao akasema, "Hii ni bei ya uzembe wangu. Nilifundishwa, sikusikia." Ukasema ni mwalimu mzuri, watu hawamsahau.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba. Miaka yote hiyo nilidhani nimemwibia vidole na kazi. Kumbe nimemwibia hata habari yake mwenyewe. Karatasi ile ilisomwa mbele yake, akaiamini kuliko alivyojiamini, akadhani labda siku moja kati ya chai na chungwa nilimwambia naye akapitiwa. Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu alikuwa anafunua kovu kila Jumatatu kwa ajili ya dhambi ambayo si yake.

Baba yako nilimwambia juzi. Hakuwa akijua. Aliendelea kula mpaka akamaliza, akanawa, akasema, "Mwambie mwenyewe kwanza. Kisha mwambie mtoto." Ndipo akaenda kulala chumba cha wageni, na usiku uliofuata akarudi.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapanga begi, nilitoka nje nikampigia Papa Kasongo kwa namba iliyo kwenye barua yako ya kazi. Nilimweleza yote, shingo za kuku, mfuniko, kabati, karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ile siku. Simu uliisikia?"

Ningeweza kusema haikuita. Mwanangu, hata leo, na umri huu, na machozi haya, uongo ulikuja mdomoni mwenyewe bila kuitwa. Nikaumeza. Nikamwambia, "Niliisikia, Papa Kasongo. Niliona jina lako."

Akakata simu.

Nilikaa kwenye ngazi nikihesabu kwamba nimekuvunjia kazi yako ya kwanza kwa mdomo wangu, na nilikuwa tayari kuja chumbani kukuambia ufungue begi. Ilipita zaidi ya saa nzima. Kisha ukaingia ujumbe wake, nao nauandika hapa kama ulivyo: "Mutoto akuje. Kazi ni yake, haikuwa ya mama yake. Lakini Jumatatu sitasema tena ile maneno ya zamani. Nitainua mukono, na yeye ndiye atawaelezea wenzake juu ya nini niko hivi. Nataka nisikie kwa kinywa cha mutu wa nyumba yako."

Basi hayo ndiyo yanayokungoja. Unaweza kukataa kwenda. Mimi na baba yako hatutakulaumu, na kazi nyingine zipo. Lakini nakujua. Utakwenda. Wewe una jambo ambalo mimi sikuwa nalo kwenye umri wako: ukijua kitu, hutulii mpaka umemwambia mtu. Nilikuwa nakugombeza kwa hilo, nikikuita redio. Endelea kuwa redio. Siku utakayogundua namna mpya ya kumhamisha mnyama, mfundishe aliye karibu kabla chai haijapoa, hata kama ni mtu anayeitaka nafasi yako, hasa huyo. Mikono yako ni mizuri, macho yako mepesi, huna haraka. Nasema hivi kama mtu wa bwawa, si kama mama. Utaiweza kazi hii kuliko mimi.

Ila Jumatatu utakaposimama mbele yao, utanionea huruma. Utataka kusema mama yangu alikuwa mgeni nchi hii, mama yangu aliogopa kurudishwa, mama yangu alikuwa kwenye swala na simu imezimwa. Yaache hayo. Mtazame Papa Kasongo, usiwatazame wenzako, na useme kwa lugha yoyote inayokujia. Sema hakufundishwa. Sema aliomba mara tatu akapewa nusu chungwa. Na wasipoelewa, waambie ulikuwepo, ulikuwa umevaa gauni la njano, simu uliishika wewe, na mama yako aliisikia ikiita akaiacha.

Mama yako,
Mama Saumu